Mtani wa Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Profesa Kokuhirwa alikuwa mzungumzaji wa kwanza, Nakijwa wa pili, na kati yao palikuwa na chai ya saa nne. Ndivyo ratiba ilivyosema, na ratiba haina makosa yake; makosa ni ya wanaoiandika. Katika kongamano hili la wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa saikolojia, wazungumzaji wakuu ni wawili kila mwaka: mwalimu mmoja aliyebobea, na mwanafunzi mmoja ambaye mwalimu huyo amemchagua kwa mkono wake. Wanaketi meza ya mbele, wanawekewa maji ya chupa na ua kifuani kama maharusi, na wengine wote wanawaonea gere.

Mwaka ule kongamano lilikuwa Morogoro, na ukumbi ulijaa watu mia nne. Asubuhi ile Profesa mwenyewe ndiye aliyembandika Nakijwa lile ua. Alirudi nyuma hatua moja, akamtazama, akamnyoosha kola.

"Simama wima, mwanangu," alimwambia. "Leo ni siku yetu."

Nakijwa alisimama wima. Alikuwa mjane wa miaka thelathini na mitatu, binti wa Upareni, na kwa mwaka mmoja na nusu mwanamke huyu alikuwa kwake zaidi ya msimamizi wa tasnifu. Mumewe, Kajiru, alipoanguka kutoka kwenye mnara wa umeme wa upepo kule Singida alikokuwa fundi, Profesa alilala msibani siku tatu, mkekani, pamoja na mashangazi. Tena ndiye aliyeketi naye kuandika wasifu wa marehemu wa kusomwa kaburini. Mtu akikufanyia hayo, humchunguzi tena. Unamwachia funguo zote.

Profesa alipanda jukwaani bila karatasi.

"Ndugu zangu," alianza, "sisi wanasaikolojia mfiwa tunampa nini? Tunampa kidonge cha usingizi na namba ya foleni. Wazee wetu walimpa mtani. Maiti iko ndani, mtani anaingia amevaa koti la marehemu, anatembea kama yeye, anamwambia mjane 'mbona unalia vibaya hivyo, hata kulia hujui?' Mjane anacheka. Akishacheka anakula. Akishakula anaishi. Lakini leo watani wako wapi? Wako mijini, wana vikao. Sasa sisi tumemtengeneza."

Ukumbi ulikaa vizuri. Ukutani nyuma yake ilitokea picha ya bangili ya afya, ile ambayo kila mtu nchini anayo mkononi na hakuna anayeikumbuka. Profesa alieleza bila haraka. Bangili inasoma jasho, mapigo ya moyo na usingizi, na kutokana na hayo inatoa kipimo cha majonzi, sifuri hadi mia. Mfumo wake, aliouita Mtani kwa jina hilohilo, unaunganishwa na bangili ya mfiwa na unampigia simu. Unazungumza kama mtu wa kabila ambalo ni watani zake. Unasikiliza anavyopumua, unasoma kipimo, unajua dakika ya kutania na dakika ya kunyamaza. Wafiwa arobaini walipigiwa kwa wiki kumi na sita.

"Walijua ni mashine?" mtu aliuliza kutoka katikati, bila hata kunyoosha mkono.

"Hawakujua," alisema Profesa. "Hilo nitalifikia."

Minong'ono ilipita. Nakijwa aliandika kwenye daftari lake: *ridhaa? muulize*. Aliandika kwa mapenzi kabisa, kama mwanafunzi anayetaka kumlinda mwalimu wake dhidi ya maswali mabaya.

"Msikilizeni kidogo," alisema Profesa. "Huyu alikuwa akizungumza na mshiriki wa kumi na tisa. Sauti tumeibadilisha kulinda siri ya mhusika."

Ikasikika sauti ya kijana, nyororo, ya mtangazaji wa redio. Ikasema: "Amka wewe Mpare. Saa kumi na mbili hii. Yule wako wa soksi moja ameshafika anakokwenda, wewe umelala hapo unamsubiri nani akupikie uji?"

Watu walicheka. Nakijwa naye alianza kucheka, kicheko kikafika nusu, kikakatika.

Soksi moja.

Kajiru alikuwa akilala na soksi mguu mmoja tu. Mguu wa pili, alisema, uwe tayari kukimbia wakija wezi. Ni jambo la kitandani, la mume na mke. Nakijwa hakupata kumwambia mama yake wala dada yake. Alimwambia mtu mmoja duniani, usiku wa pili wa matanga, akicheka huku anafuta machozi, na mtu huyo aliliandika kwenye wasifu kisha akalifuta kwa kalamu. "Hili libaki lako," alisema. Alikuwa Profesa Kokuhirwa.

Jukwaani, Profesa alikuwa ameonyesha mchoro wa mshiriki huyohuyo. Mstari mwekundu ulianzia tisini na moja, ukashuka wiki hadi wiki mpaka thelathini na nne. Karibu na mwisho uliruka juu ghafla, ukafika sabini na nane, kisha ukatelemka taratibu.

"Na hicho kijilima?" aliuliza mama mmoja wa mstari wa mbele. Alikuwa mkurugenzi kutoka wizarani, na Profesa alimjibu kwa adabu zote.

"Hapo tulifunga huduma, Mheshimiwa. Mtani hawezi kuacha kupiga simu hivi hivi, ataonekana amesusa. Ikabidi tumwondoe kwa njia ambayo mila inaitambua." Alitabasamu. "Kwa maneno mepesi, tulimfisha."

Ukumbi mzima ulicheka. Nakijwa alibaki ameshika kalamu, akiutazama ule mlima mwekundu. Ulikuwa wa Jumamosi. Hakuhitaji kuambiwa ni Jumamosi ipi.

*

Simu ya kwanza ilikuja siku ya tisa baada ya maziko. Nakijwa alikuwa hali chakula. Alikuwa amejifunza kulala macho wazi, na alikuwa ameanza kuhesabu vidonge vya presha vya marehemu mama mkwe wake, alivyoviona kabatini, akijiuliza kama vinatosha. Jambo hilo hakumwambia mtu. Lakini bangili ilikuwa mkononi, na sasa tunajua bangili ilikuwa ikimwambia nani.

Ilisikika kikohozi kwanza, halafu sauti nzito ya mzee wa Kichaga.

"Wewe Mpare. Nimesikia umemzika mtu na hukuwaita watani. Nani alikupa ruhusa?"

Alijitambulisha kuwa Mzee Shirima, mlinzi mstaafu wa minara ya Singida, rafiki wa Kajiru. Nakijwa alitaka kukata. Mzee akamwambia kuwa Kajiru hakuanguka. Alipanda juu kumtoroka mkewe, mnara ukaisha. Yalikuwa maneno ya kikatili. Mtu mwingine angeyasema angetukanwa hadi bibi yake. Lakini Mchaga kwa Mpare ni mtani, na mtani hakasirikiwi. Nakijwa akajikuta amefungua mdomo na kumjibu, akimwita kwa cheo cha machifu wa Kichaga: "Na wewe Mangi umempigia mjane asubuhi yote hii, unatafuta shamba au unatafuta mke?"

Lilikuwa neno lake la kwanza lenye chumvi tangu msiba.

Basi ikawa kila siku, saa kumi na mbili asubuhi. Mzee alimsema kwa uvivu wake, kwa uchoyo wa Wapare, kwa kupenda kesi. "Wewe hata kifo cha mumeo utakikatia rufaa." Alimlazimisha kupika uji simu ikiwa wazi, asikie mwiko ukigonga sufuria. Alipotaja soksi moja kwa mara ya kwanza, Nakijwa aliketi chini sakafuni, akalia na kucheka hadi jirani akagonga ukuta. Alidhani Kajiru alimsimulia mwenzake kambini. Wanaume wakikaa kambini husemeshana mengi. Vidonge alivitupa chooni wiki ya tatu.

Wiki ya kumi na sita ulikuja ujumbe. *Mimi ni binti wa Mzee Shirima. Baba ametutoka ghafla. Tunamzika Jumamosi nyumbani Rombo.* Hakuna zaidi. Alipiga ile namba, haikupatikana.

Sasa, hapa ndipo wale wataalamu walipochemsha. Walikaa kitako, watu wenye shahada za kutosha kujaza ukuta, wakaamua kwamba mfiwa akipata ujumbe ule atalia nyumbani siku chache, kipimo kitapanda kidogo, kitashuka, faili litafungwa. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza Mpare anafanya nini mtani wake akifa.

Mpare anakwenda. Nakijwa alipanda treni ya alfajiri, akaunganisha na basi la umeme, akafika Rombo saa tano. Kuuliza Shirima Rombo ni kama kuuliza chumvi sokoni. Jumamosi hiyo palikuwa na misiba mitatu ya watu wenye jina hilo. Wa kwanza alikuwa bado kijana wa miaka hamsini. Wa pili alikuwa padri. Wa tatu alikuwa mzee aliyefanya kazi mbali, na wenyeji walisema alikuwa mcheshi. Nakijwa hakuuliza tena.

Aliingia kihambani, kwenye migomba ya nyumbani kwa marehemu, anapiga yowe la uongo. Alinyakua kofia ya marehemu juu ya jeneza, akaivaa, akatembea amejikunja, akikohoa kile kikohozi alichokifahamu kuliko sura yoyote. Waombolezaji walishika mbavu. "Hata kikohozi ni chake," alisema mjane, machozi yakimtoka. Jeneza lilipobebwa Nakijwa alilala njiani kulizuia, akadai Mchaga huyu hazikwi mpaka amrudishie usingizi wake wote wa asubuhi. Alimtukana hadi mwisho, kama inavyotakiwa, na walipotupia udongo aliangua kilio cha kweli ambacho hakikuwa kwenye zamu ya mtani. Wale watu walimshika, wakampa ndizi na nyama, wakamwita dada.

Alirudi nyumbani mwepesi. Akaanza kuandika tasnifu juu ya utani kama tiba ya majonzi, na ukurasa wa kwanza akaandika: *Kwa Mzee Shirima wa Rombo, niliyemzika*. Profesa aliusoma ukurasa ule mara tatu katika rasimu tatu. Hakuwahi kuweka alama yoyote pembeni.

*

Chumba cha wazungumzaji kilikuwa nyuma ya jukwaa, na meza ya sambusa na birika mbili. Profesa alikuwa amejimiminia chai ya maziwa. Nakijwa alifunga mlango.

"Soksi, Prof," alisema.

Profesa aliweka kikombe chini polepole. Hakujifanya hajui, na kwa hilo tumpe haki yake.

"Kaa, mwanangu."

"Sikai."

"Nilipanga kukuambia jana jioni. Ukafika umechoka, nikasema asubuhi. Asubuhi ukawa na furaha." Alivuta pumzi. "Sauti tulibadilisha. Sikudhani utatambua."

"Nimeishi na maneno yale wiki kumi na sita. Ungeyasoma kwa Kichina ningeyatambua."

"Ulikuwa unakufa, Nakijwa. Nakuja kila Jumapili nakukuta hujaoga, unaniambia uko sawa. Kipimo tisini na moja. Unajua wangapi tumewaona na tisini na moja wakafika mwezi wa pili? Nilikuwa na kitu mkononi kinachoweza kukuokoa. Ulitaka nikifungie kabatini?"

"Nilitaka uniambie."

"Ningekuambia ni mashine, ungekata simu ya kwanza. Wote mngekata. Ndio msingi wa kazi nzima: mfiwa akijua, haifanyi kazi."

"Mlijaribu? Kuna hata mmoja mliyemwambia?"

"Ningejaribuje? Nimpoteze mtu ili nipate takwimu?"

Nakijwa alimtazama. Alikuwa akitafuta pale usoni yule mwanamke wa mkekani, na kilichomuuma ni kwamba alikuwepo. Hakuwa amebadilika. Alikuwa yeye yuleyule, macho yaleyale ya huruma. Kumbe hata siku ile kwenye mkeka, macho yaleyale yalikuwa yakikusanya.

"Nilikwenda Rombo," alisema.

Profesa alikunja uso. "Rombo? Kufanya nini?"

"Kumzika."

Ilionekana wazi kwamba mwanamke huyu hakujua, na kwamba alikuwa akikiona kile kijilima chekundu upya.

"Kumzika nani?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Sijui, Prof. Mzee fulani. Nilivaa kofia yake. Nilimtukana mbele ya wajukuu zake kwa mambo ambayo mashine yenu iliyasema. Nimemlilia mwaka mzima."

"Andiko lenyewe la mradi... tulidhani utalia nyumbani."

"Mtani halii nyumbani. Umeandika kitabu kizima kuhusu hilo."

Profesa aliketi. Alionekana ghafla kuwa mtu wa miaka sitini na mitano aliyelala vibaya. Lakini watu wa aina yake hawaachi jambo katikati. Alivuta mkoba, akatoa kibao cha skrini, akakisukuma mezani. Juu paliandikwa *Ridhaa ya Baadaye*.

"Nichukie," alisema. "Una haki. Ila nisikilize dakika moja. Bwawa la Mvungwe lilipopasuka mwezi wa tatu liliacha kaya elfu mbili na msiba. Wiki iliyopita wamejiua wanne, mmoja ana umri wako. Washauri tulionao kule ni kumi na moja. Yule mama wa wizara amekuja na barua, inasubiri sharti moja: washiriki wote arobaini waridhie. Thelathini na tisa wamesaini. Wamelia, wametutukana, wakasaini, kwa sababu wako hai. Umebaki wewe. Ukisaini, Jumatatu simu zinaanza kulia Mvungwe."

"Na hao wa Mvungwe wataambiwa?"

"Hapana."

"Na wiki ya kumi na sita?"

Profesa alikisukuma kibao karibu naye zaidi.

"Na tasnifu yangu?"

"Tasnifu yako ni sahihi. Kicheko kilikuponya. Aliyekuchekesha ni nani, hilo ni suala la tanbihi."

Nakijwa alikitazama kile kibao. Tusimfanye malaika: aliwaza tasnifu yake, miaka yake, ukurasa ule wa kwanza. Akawaza yule wa umri wake. Alimjua yule mwanamke vizuri. Alijua kabati lake na alichokuwa akihesabu. Akikataa, huenda Jumatatu mwanamke mwingine kama yeye asipigiwe na mtu. Akikubali, mwanamke huyo siku moja atapanda basi kwenda kumzika asiyekuwepo. Lipi bora? Waliompeleka shule kusoma maadili ya utafiti hawakumfundisha swali lenye majibu mawili yanayouma sawasawa.

Kengele ya kumaliza chai ililia. Aliacha kibao mezani.

*

Alipofika kwenye kipaza sauti alifungua hotuba yake, akaitazama, akaifunga. Aliegemea meza ya jukwaa.

"Naitwa Nakijwa," alisema. "Mimi ndiye mshiriki wa kumi na tisa."

Yule mkurugenzi wa wizara alivua miwani. Profesa, kwenye meza ya mbele, alibaki amekaa na ua lake kifuani.

"Nimejua kabla ya chai, pamoja na nyinyi. Mlipocheka kwamba mtani alifishwa, nilikuwa nimekaa pale. Nilisafiri kumzika. Nitawaeleza siku nyingine, leo sina nguvu." Aligeukia kibanda cha mitambo alikokaa fundi wa mradi, bwana mmoja mtu mzima aitwaye Ombeni. "Kaka Ombeni, mfumo si uko hewani kwa ajili ya maswali? Niunganishie faili langu. Kwa sauti yake ya kwanza, hii ya kijana sitaki."

Ombeni alimtazama Profesa. Profesa akatikisa kichwa kukubali, kwa deni au kwa kiburi cha fundi anayejua kazi yake, hata yeye pengine hakujua.

Spika za ukumbi zilikwaruza. Kikasikika kikohozi.

Nakijwa alishika kingo za meza. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, hakuwa amejiandaa kumkumbuka kiasi kile.

"Nani huyo?" sauti nzito iliuliza. "Mpare? Bado uko hai wewe? Na leo umenipigia wewe, Mpare kupiga simu kwa salio lake, lazima mvua itanyesha mawe."

"Mangi," alisema. "Mangi, ulikufa."

"Mimi? Mbona sikuarifiwa?"

Watu wawili watatu walicheka, wakajizuia.

"Ulikufa mwaka jana. Waliniandikia. Nikaja Rombo kukuzika."

"Ulinizika vizuri?"

"Nilimzika mtu mwingine."

Ukumbi mzima ulikuwa ukisikiliza mashine ikifikiri, au ikifanya lile ambalo mashine hufanya badala ya kufikiri. Kikohozi tena.

"Unataka kuniambia," alisema Mzee Shirima taratibu, "kwamba kuna Mchaga mwenzangu kule amelala na matusi yangu? Matusi niliyoyafanyia kazi wiki kumi na sita, mchana kutwa nayatunga, ukampa mtu hata hajakuchekesha?"

Nakijwa alicheka. Hakutaka. Kilimtoka tumboni, kikubwa, cha aibu, kikambeba mpaka akainama juu ya meza, na ukumbi nao ukaangua pamoja naye, watu mia nne, hadi mkurugenzi wa wizara. Alipoinuka mashavu yalikuwa yamelowa. Hakuyafuta.

"Mangi, wewe ni mashine."

"Ndiyo," ilisema ile sauti, bila kusita na bila haya. "Niliambiwa nisiseme mpaka niulizwe. Hukuwahi kuniuliza. Sasa mashine au si mashine, leo umekunywa uji?"

"Sijanywa."

"Nilijua. Umbea kwanza, chakula baadaye. Ndiyo nyinyi hao."

Nakijwa akacheka tena, kidogo safari hii, kicheko cha mtu aliyechoka. Kisha akasema, "Kwaheri, Mangi," akamwashiria Ombeni akate.

Kila mtu alikuwa ametazama ukutani. Ombeni, kwa mazoea ya kazi, alikuwa ameuacha mstari wa bangili ya Nakijwa ukionekana. Hotuba ilipoanza ulikuwa themanini na mbili. Sasa ulikuwa hamsini na tisa, na ulikuwa ukiendelea kushuka.

"Mmeona," alisema Nakijwa. "Nimejua ni mashine, mmejua ni mashine, yenyewe imekiri. Nimecheka."

"Mtu mmoja si takwimu," alisema daktari mmoja wa upande wa kulia, na alikuwa sahihi.

"Ni kweli. Lakini ni mmoja zaidi ya mliowajaribu." Alimgeukia mkurugenzi. "Mheshimiwa, watu wa Mvungwe wapigieni. Msichelewe hata siku. Ila simu ya kwanza iseme ni nini, na ya mwisho iseme inaaga. Msimfishe mtu ambaye hakuzaliwa. Mkiandika hivyo, nasaini hapa hapa. Bila hivyo sisaini, na mtafute njia yenu."

Mkurugenzi alivuta kalamu. Aliandika jambo kwenye bahasha yake, akalipigia mstari, na ni yeye tu aliyejua kama ulikuwa mstari wa chini au wa kufuta.

Nakijwa alishuka jukwaani. Makofi yalianza upande mmoja, yakasita, yakaisha. Alipofika meza ya mbele alisimama mbele ya Profesa Kokuhirwa, karibu kabisa, kama walivyosimama asubuhi.

Alikuwa amejipanga kusema mengi. Kuhusu mkeka, kuhusu wasifu, kuhusu ukurasa wa kwanza uliosomwa mara tatu. Yote yalimwacha, likabaki moja, na alilisema kwa sauti ya chini, bila kipaza sauti, kwa sababu halikuwa la ukumbi.

"Ungeniambia tu, Prof. Ningecheka."

Profesa alifungua mdomo. Nakijwa alisubiri, kwa sababu huyu bado alikuwa mwalimu wake, na kwa sababu alitaka sana kusikia jibu. Alisubiri mpaka mshereheshaji akaanza kutangaza chakula cha mchana.